Jipake Mpaka Viwikoni

3 Februari

Mwanangu Kidoti,

Barua yako ya kwanza tangu uanze kazi imefika Alhamisi. Nimeisoma mara nne, mbili kwa sauti ili baba yako asikie, na mbili za kwangu peke yangu. Ukiwa mzima wewe, na sisi huku tumepona.

Usinicheke mwandiko. Naandika kama ninavyotembea, hatua tatu nasimama. Darasa la nne nililoishia halikufika kwenye barua ndefu.

Kwanza hilo la viroboto. Umeandika kwamba unalea viroboto chumba kizima na mkuu wako anawapenda kuliko wanawe. Nililala na neno hilo na likaamka na mimi. Mtoto nimemkuza hajui chawa wala kunguni, amesoma miaka yote ile, halafu kazi aliyopata ni kulea viroboto? Baba yako anasema labda ni viroboto wa serikali. Mimi nimekuwekea unga wa kuwaua, ule wa kopo jekundu. Nyunyiza chini ya godoro na kwenye pindo za shuka. Ofisini usiseme.

Pili mikono yako. Umesema glavu za hapo zinakuwasha, na kunawa kutwa kumekuchana vidole mpaka damu. Maneno hayo umeyaandika haraka haraka kama mtu anayepita mlangoni kwa mdai wake, lakini nimeyaona. Nimekuchanganyia mafuta. Msingi wake ni losheni ile tunayowapaka watoto hapa kituoni tunakowalea mchana, yenye dawa ya kuua vijidudu. Nimeongeza mafuta mazito ya kopo la bluu, kisha matone kumi na mawili ya marashi ya waridi, ili pua yako ikumbuke kwenu. Jipake asubuhi na usiku. Usipake vidole ukaishia hapo kama mtu aliyeitwa katikati. Jipake mpaka viwikoni. Msichana mwenye viwiko vilivyofubaa, watu wanadhani hana mama.

Nijibu hata mistari miwili.

Mama yako

*

12 Februari

Mama yangu mpenzi,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama nimeumwa na kitu. Nikamwambia bado, lakini mama ameshatuma dawa.

Viroboto wangu hawaumi mtu, Mama. Ni viroboto wa maji, wadogo kuliko punje ya ufuta, wanarukaruka ndani ya maji tu, basi watu wakawapa jina hilo. Ndio chakula cha samaki wachanga. Wakiisha wao, samaki wanalala njaa, na wanaokula samaki nao wanafuata.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kitu tunachojipaka na kuogea, shampuu, losheni, dawa ya meno, mafuta ya kuzuia jua, hakiishi mwilini. Ukioga kinashuka na maji kwenye mtaro, mtaro unakwenda mtoni, mto unaingia ziwani. Sisi tunachukua kidogo cha kila kimoja, tunakitia kwenye glasi za maji, tunawaweka viroboto ishirini, na baada ya siku mbili tunahesabu wangapi bado wanaogelea. Pembeni huwa tunaweka glasi za maji matupu, hazina kitu chochote. Viroboto wa hapo tunawaita mashahidi. Shahidi akifa, kosa si la shampuu tena, ni letu, na kazi yote inamwagwa.

Ungependa chumba chetu. Kina madirisha makubwa, rafu za vioo, kimya kama chumba cha mtoto aliyelala. Maji lazima yawe vuguvugu sawasawa, yasizidi wala yasipungue. Tuna kipimajoto cha kioo, lakini nikishakisoma bado nachovya kiwiko kwenye beseni kabla sijayagawa maji kwenye glasi, kama wewe na watoto wako. Mkono unakwenda wenyewe. Mwenzangu wa kazini aliniona, akaniuliza kama baada ya kuwaogesha nitawavisha nepi.

Mafuta yamefika salama. Najipaka asubuhi na usiku tangu yafike, na chumba kizima kinanukia nyumbani. Mikono imeanza kutulia. Unga nimempa mlinzi wa getini kazini, ana mbwa.

Mkuu wetu anavaa miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani, tunamwita hivyo hivyo, Miwani Miwili. Ni mkali lakini ni mtu mzuri. Kazi ni nzuri. Watu ni wazuri. Nipo vizuri.

Binti yako,
Kidoti

*

20 Februari

Kidoti,

Umeandika "mzuri", "nzuri", "wazuri", "vizuri", mara nne kwenye mistari mitatu. Nimehesabu kwa kidole. Mimi ndiye niliyekuzaa, hata chanjo ulikuwa unasema haiumi huku machozi yanakwenda. Una nini?

Kama ni chakula sema. Kama ni mtu, sema zaidi.

Barua yako ilinikamata pabaya. Siku niliyoisoma nilikuwa na beseni mkononi, la watoto sita, namwaga mlango wa nyuma kama siku zote, maji yanakwenda kwenye mtaro. Nikasimama nalo. Miaka kumi na tisa nimesimama pale pale nikimwaga. Nilipoanza kazi hapa vyura wa nyuma walikuwa wanapiga kelele mpaka watoto wanakataa kulala mchana, Bi Mkubwa wa kituo akatafuta mtu wa kuwafukuza. Siku hizi kimya. Nilidhani wamehama kama watu wanavyohama. Nikamuuliza baba yako, akasema, "Chura atahamia wapi, ana mizigo gani?" Unamjua akishaanza.

Sisemi kitu. Nilisimama tu na beseni.

Lakini usinigeuzie maneno. Nimekuuliza una nini.

Mama yako anayesubiri

*

2 Machi

Mama,

Sikutaka ulale nalo, lakini naona umelala nalo bila kulijua, na hiyo ni mbaya zaidi.

Mashahidi wangu wanakufa.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki ile mafuta yalipofika. Niliandaa kila kitu, maji, glasi, viroboto. Siku ya pili nikakuta wale wa maji matupu wamelala chini, wachache wamenasa juu ya maji wakichezesha mguu mmoja. Tukamwaga. Miwani Miwili akasema bahati mbaya. Tukabadilisha sabuni ya kuoshea glasi, tukabadilisha glavu, tukachemsha mipira ya maji. Katikati ya Februari nikaandaa tena. Wakafa tena.

Sasa hasemi bahati mbaya. Anavuta ile miwani ya kichwani, ananiangalia mikono, anasema maabara ambayo mashahidi wake wanakufa haiwezi kumwambia mtu yeyote kwamba losheni yake ni sumu, maana wenye viwanda watatucheka. Na ni kweli. Kuna ripoti ya losheni kumi na moja inasubiri glasi zangu.

Mimi bado niko kwenye miezi ya majaribio, Mama. Ameniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza. Nitaandaa mara ya tatu Jumatatu ya tarehe 25 Machi. Mashahidi wakifa, sitathibitishwa kazini. Nitarudi nyumbani.

Kinachonichanganya ni kwamba nilipougua mafua nikalala siku nne, mwenzangu aliandaa glasi zake kwa maji yale yale, viroboto wale wale, chumba kile kile. Waliishi wote. Kwa hiyo ni mimi. Kuna kitu nafanya bila kukiona. Nanawa mikono mara tatu, navaa glavu mpya, napumua pembeni. Usiku naota wananiangalia.

Usimwambie Baba. Au mwambie, lakini asifanye utani.

Kidoti

*

9 Machi

Mwanangu, uhai wangu,

Nimemwambia baba yako. Hakufanya utani. Alitoka akaenda kuchonga mti wa mlango ambao haukuwa na tatizo lolote, mpaka sasa mlango haufungi.

Sikiliza. Hakuna unachofanya kibaya. Mtoto niliyemwona akitenga wali wa sisimizi kwenye kona ya sahani hawezi kuua kitu kidogo kama ufuta. Labda ni maji ya upande wako wa chumba. Labda ni dirisha. Labda yule mwenzako aliyekucheka, mwangalie vizuri, sisemi kitu.

Na mimi najua mtu akiwa na hofu mikono inakauka zaidi, na mkuu wako anakutazama mikono. Basi nimekuchanganyia kopo la pili, kubwa. Safari hii nimeongeza ile losheni ya dawa maradufu, maana vidonda vya vidole si vya kuchezea, na marashi nimetia kifuniko kizima cha chupa. Siku ya tarehe 25 jipake vya kutosha kabla hujatoka, mikono yote miwili, mpaka viwikoni na kupita. Uingie unang'aa. Mtu aliyepakwa na mama yake anatembea tofauti, hata mkuu ataona.

Ukirudi nyumbani, umerudi nyumbani. Kitanda chako kipo. Lakini hutarudi.

Mama

*

16 Machi

Mama,

Kopo limefika, mlinzi amelileta mwenyewe kutoka getini mpaka mlango wa maabara akinusa njia nzima. Nimeshaanza kulitumia asubuhi, mchana na usiku. Nikijipaka naona kama umenishika mikono.

Siku tisa zimebaki. Niombee.

Kidoti

*

22 Machi

Mwanangu Kidoti,

Barua hii haitakuwahi, najua, posta yenu inachukua siku sita. Kwa hiyo nimepiga simu, nitakueleza. Lakini kwanza nataka usikie lote kutoka kwangu, polepole, sio kwenye waya.

Jumamosi iliyopita walileta mtoto mpya kituoni, ana siku arobaini na mbili. Mama yake hakutaka kuondoka, alisimama kando yangu anaangalia kila ninachofanya, kama mimi nilivyokuwa kwako. Basi nikaenda taratibu ili moyo wake utulie. Nikaweka maji karibu na dirisha, jua linaingia kwenye beseni. Nikachovya kiwiko.

Kidoti, nikaona duara. Lilitoka kwenye kiwiko changu, nilichokipaka asubuhi losheni ile ile ya kituoni, likatanuka pole pole mpaka ukingoni, linang'aa rangi rangi kama maji ya mbele ya gereji. Miaka kumi na tisa nachovya kiwiko na sijawahi kuliona, kwa sababu siku zote naangalia mtoto, siangalii maji. Yule mama akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia maji mazuri. Nikayamwaga, nikachota mengine.

Nilirudi nyumbani nikatoa barua zako chini ya mto. Ukasema unachovya kiwiko. Ukasema wiki uliyougua waliishi. Ukasema mara ya kwanza ni wiki mafuta yalipofika. Nikamwambia baba yako alete kioo chake cha kukuzia tusome kopo la losheni ya kituoni. Maandishi ni madogo kama hao viroboto wako. Alisoma yeye, nikaandika mimi, herufi moja moja. Kuna neno linaanza na "trikl" linaisha na "sani", na mengine ambayo baba yako alisema hata aliyeyaandika hawezi kuyatamka. Nimekunakilia karatasi ya nyuma.

Bado sikutaka iwe hivyo. Nikasema nitafanya kama wewe. Baba yako akaenda kwenye shimo la zamani la matofali, mbali na mtaro wetu, akaleta viluwiluwi vya chura kwenye ndoo. Nikapanga mabakuli matatu. La kwanza maji matupu, mashahidi. La pili nikachovya kiwiko nilichosugua kwa sabuni ya mche na kusuuza mpaka kikafubaa. La tatu nikachovya kiwiko chenye mafuta niliyokuchanganyia. Viluwiluwi saba saba.

Jumanne asubuhi bakuli la tatu walikuwa wamegeuka matumbo juu. Wale wengine walikuwa wanakimbizana.

Baba yako alisimama hapo mlangoni akaniangalia, akasema, "Mama Kidoti, usilie kwenye bakuli, utaharibu hesabu." Ndipo nikajua ninalia.

Sasa nikuambie kitu ambacho nimekificha. Nilijua Jumanne. Leo ni Ijumaa. Jumatano na Alhamisi nilikaa nalo kimya. Nilitaka iwe maji ya upande wako, iwe dirisha, iwe wivu wa mtu. Nilichokutumia kwa mapenzi ndicho kinachokufukuzisha kazi, na nilipoona mambo yanaharibika nikakuongezea maradufu. Na kiwiko ni mimi niliyekufundisha. Ulikuwa na miaka saba, tulimwogesha binamu yako, nikakushika mkono nikakuonyesha hapa ndipo ngozi haidanganyi. Kila kilichoharibu kimetoka kwangu, mwanangu. Aibu ilinifunga mdomo siku mbili. Nisamehe hizo siku mbili, mengine sikuyajua.

Leo nikamwomba Bi Mkubwa simu ya ofisi. Huwa anaifungia kwa kufuli, akauliza ni jambo la kufa? Nikasema ndiyo, ishirini kwa kila glasi. Akapokea mlinzi wenu, akasema watu wote wameshatoka mpaka Jumatatu.

Nikamwambia, "Mwambie binti yangu asichovye kiwiko."

"Kiwiko cha nani?"

"Chake."

"Asichovye wapi, mama?"

"Kwenye maji ya viroboto."

"Wewe ndiye mama wa ule unga wa kopo jekundu?"

"Ndiye mimi."

"Unga mzuri sana, mama. Mbwa wangu hajikuni tena."

Nikamwambia aandike, na akaandika huku ananisomea neno kwa neno, na Bi Mkubwa amesimama anaangalia saa. Sijui kama atakumbuka kukupa. Sijui kama utamwamini. Kuanzia sasa mpaka Jumatatu mimi sina usingizi.

Mama yako
(aliyekosea)

*

28 Machi

Mama,

Barua yako imefika leo asubuhi, lakini ulitangulia wewe.

Jumatatu nilifika getini saa moja kasoro. Nilikuwa nimejipaka kama ulivyoniambia, mpaka viwikoni na kupita, nang'aa kama sahani ya wageni. Mlinzi akanisimamisha, akatoa karatasi kwenye kofia yake. Alikuwa amekaa nayo tangu Ijumaa, amekwenda nayo nyumbani akarudi nayo, akiogopa ikipotea. Nakuandikia kama ilivyo, kwa herufi zake kubwa:

MAMA ANASEMA USICHOVYE KIWIKO KWENYE MAJI YA VIROBOTO. OSHA MIKONO KWA SABUNI YA MCHE MPAKA BEGANI. USIJIPAKE MAFUTA YA MAMA. MBWA ANASHUKURU.

Akaniuliza, "Mama yako mzima?" Nilisimama pale getini nikainua mkono nikanusa kiwiko changu. Waridi.

Mama, miaka minne nimesoma mambo ya losheni za watu wengine. Nina daftari zima la majina yale ambayo Baba amesema hayatamkiki, nayatamka yote. Hilo la "trikl", ndiyo hiyo dawa ya kuua vijidudu, ndilo la kwanza kwenye ripoti yetu, nimelipima kwa mkono wangu. Na kila asubuhi nililipaka, nikavaa glavu mpaka kwenye kifundo cha mkono, nikajiona msafi, nikachovya kiwiko kilicho wazi juu ya glavu. Losheni za wengine nilizihesabu tone kwa tone. Yako sikuwahi kuihesabu. Niliona ninajipaka wewe.

Nikaomba sabuni ya mche kwa mwanamke anayesafisha. Nikaosha mikono bafuni mpaka begani, mara tano, nguo zikalowa. Nikaandaa maji. Nikasoma kipimajoto. Mkono ukaenda wenyewe, nikaukamata kwa mkono mwingine kama mwizi sokoni. Mwenzangu akaniangalia, akasema, "Leo hawaogi?" Nikasema leo wanaoga wenyewe.

Siku mbili sikula. Jana saa tatu Miwani Miwili alikuja kuhesabu mwenyewe, kavaa yote miwili, mmoja juu ya mwingine. Glasi ya kwanza ya mashahidi, ishirini. Ya pili, ishirini. Ya tatu kumi na tisa, na huyo mmoja alisema amezeeka. Ya nne, ishirini.

Akasema, "Umefanya nini tofauti?"

Ningeweza kusema sijui, Mama. Nilikuwa nimeshashinda. Lakini nilifikiria zile mara mbili tulizomwaga kazi yote, na wewe ulivyopiga simu mpaka ukampata mlinzi. Nikamwambia yote, kiwiko, mafuta, waridi, karatasi ya mlinzi. Nilimwambia mara mbili zote ni mimi niliyewaua.

Akaniambia nilete kopo. Akanisimamisha mbele ya mabeseni mawili yenye viroboto, moja nichovye kiwiko kilichooshwa, moja chenye mafuta, watu wote wakiangalia. Nimeona aibu kama siku ya kupimwa shuleni. Leo asubuhi, wakati naisoma barua yako, wameniita. Beseni la mafuta yako karibu wote wako chini. Nikamwonyesha Miwani Miwili ukurasa wa mabakuli matatu. Alisoma akarudia.

"Mama yako amesomea wapi?"

"Aliishia darasa la nne."

"Na akaweka bakuli la maji matupu?"

"Akaliweka la kwanza, kabla ya mengine."

Akaipandisha miwani kichwani ikagongana na ile nyingine. Akasema nithibitishwe. Akasema pia nimpe kopo lako, linaingia kwenye ripoti, la kumi na mbili. Nikamwambia hilo ni la mama yangu. Akasema ndiyo maana.

Hizo siku mbili ulizokaa kimya nimekusamehe kabla hujaomba. Mimi nilikuficha karibu wiki tatu.

Mikono yangu imeanza kupasuka tena kidogo. Usijali. Kinachonisumbua ni usiku, chumba hakinukii kitu.

Binti yako,
Kidoti

*

6 Aprili

Kidoti wangu,

Nimeisoma kwa baba yako pale kwenye mlango usiofungika. Nilipofika "nithibitishwe" akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Akachukua randa, akarudi mlangoni, nikamnyang'anya. Anasema kama kopo langu limeingia kwenye ripoti basi mama yako ni mwanasayansi, na mwanasayansi hapiki Jumapili, lakini hajasema nani atapika.

Nimeongea na Bi Mkubwa. Sikujua nitaanzia wapi, nikambebea yale mabakuli. Viluwiluwi vya bakuli la kwanza vimeshaota miguu ya nyuma, akavipenda. Hilo la tatu nikamweleza tu. Alikasirika kidogo, alisema losheni hiyo imenunuliwa katoni nzima na wazazi wanapenda watoto wakinukia. Nikamwambia watoto wananukia watoto, hiyo ndiyo harufu yao. Tumekubaliana katoni ibaki hapo ilipo, lisifunguliwe kopo jingine. Watoto wanaoga kwa sabuni ya mche, na wenye ngozi kavu tunawapaka mafuta meupe yasiyo na dawa wala marashi, kidogo. Mama mmoja ameshauliza mbona mwanawe hanukii. Nilimwambia anuse vizuri, karibu na shingo. Akanusa, akanusa tena.

Mashahidi wangu nimewarudisha kwenye shimo la matofali mimi mwenyewe. Baba yako alitaka kuwaweka nyuma ya kituo ili vyura warudi, nikamwambia bado. Kwanza mtaro ukae bila losheni yetu kwa muda. Miaka kumi na tisa haioshwi kwa wiki moja. Nikisimama na beseni pale mlangoni bado kuna kitu kinanishika, na naona kitaendelea kunishika, acha kinishike.

Kiwiko bado nachovya. Huo ni mkono wangu, siwezi kuuachisha kazi. Ila sasa kimefubaa kweli kweli, kijivu kama kisigino, na wale wanaosema aliyefubaa hana mama waseme, mama yangu alishakufa. Watoto hawajali. Nakitia kwenye maji, nasubiri, naangalia. Hakuna duara. Ndipo namshusha mtoto.

Ukija likizo usilete losheni. Nitakushika mikono mwenyewe, kavu kwa kavu.

Sasa hicho kifurushi. Nilikaa nikawaza mikono yako inayowashwa na mpira wa glavu. Kuna shuka yako ya pamba, ile ya maua ya bluu uliyolalia mpaka ukaingia sekondari, imebaki laini tu, maua yameisha. Nimeikata nikakushonea glavu jozi sita za kuvaa ndani ya zile za kazini, ngozi isiguse mpira. Vipimo nimechukua kwenye mikono yangu, maana tunalingana. Nimezifua mara tatu kwa maji matupu na kuzianika mbali na jiko, zisishike hata moshi. Mishono ya jozi ya kwanza imeenda upande, hiyo vaa siku ambayo Miwani Miwili hayupo.

Nilitaka kutia tone moja tu la waridi, kwa ajili ya usiku wako. Nilishika chupa. Nikairudisha kabatini.

Kwa hiyo ukizinusa hutasikia kitu. Ni mimi.

Mama yako